Mkono mtulivu usiojifunza: uchambuzi wa kisa kimoja cha kiharusi cha serebelamu

Kisa hiki kinawahusu wagonjwa wawili waliotibiwa wakati mmoja katika kitengo cha fiziotherapia cha hospitali moja ya mwambao. Mmoja ndiye kiini cha maelezo, na wa pili yumo kwa sababu bila yeye nisingegundua kosa langu. Umri, mahali na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa ili wasitambulike. Mgonjwa mkuu nitamwita Mshonaji, kwa kazi yake. Wa pili nitamwita Nahodha.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa fiziotherapia, na kwa yeyote anayemuuguza mtu wa kiharusi na kujiuliza kwa nini wawili wanaopewa mazoezi yale yale mmoja anasonga mbele na mwingine amebaki pale pale.

Usuli

Mshonaji ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anayetumia mkono wa kulia, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi. Anashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Asubuhi moja aliamka na kizunguzungu kikali, akatapika, akashindwa kusimama bila kushika ukuta. Nyumbani walidhani ni malaria, wakampa dawa. Siku ya tatu ndipo wakamleta. Picha ya CT ya siku hiyo haikuonyesha kitu cha maana, na hilo si ajabu: mifupa minene ya kisogoni huichafua picha ya CT katika eneo hilo, na kiharusi kichanga hujificha humo kwa urahisi. Picha ya pili, wiki mbili baadaye, ilionyesha sehemu iliyokufa kwa kukosa damu upande wa kulia wa serebelamu, chini kwa nyuma.

Serebelamu ni ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Uzito wake ni takriban asilimia 10 tu ya ubongo wote, lakini ndani yake mna takriban nyuroni (seli za neva) bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo wa binadamu. Tofauti na sehemu kubwa ya ubongo, serebelamu ya kulia huhudumia mkono wa kulia.

Nahodha alikuwa mzee kidogo kuliko yeye, baharia mstaafu, na kiharusi chake kilikuwa kimepiga serebelamu hiyo hiyo, upande huo huo wa kulia, ila sehemu ya juu. Mkono wake ulitetemeka vibaya. Akinyoosha kidole kugusa pua, kidole kilizunguka hewani kama kinatafuta njia, kikitua shavuni au jichoni. Chai alinyweshwa na mkewe.

Mshonaji, kwa upande wake, kufikia wiki ya tatu alikuwa akigusa pua yake bila shida. Mkono haukutetemeka. Alitembea kwa miguu iliyopanuka kidogo, basi.

Wiki ya nne hadi ya nane: tulichofanya na kwa nini

Nafasi za mazoezi kwetu ni chache kuliko wagonjwa. Tulikaa kikao, tukawatazama wote wawili, tukaamua: Mshonaji apewe vipindi vitatu kwa wiki kwa kuwa dalili zake ni nyepesi na kazi inamsubiri, Nahodha apunguziwe, kutoka vitatu hadi kimoja, kwa kuwa mtetemo wake ni mkubwa na matumaini ni madogo. Hoja yangu mimi ndiyo iliyoshinda kikaoni. Nilipima uwezo wa kujifunza kwa kutazama ukubwa wa mtetemo, na hakuna aliyenipinga kwa sababu ndivyo tulivyozoea wote.

Mazoezi ya Mshonaji yalikuwa ya kawaida: kufuata mstari wa chaki kwa kidole, kushona karatasi bila uzi, kukata kitambaa kwa mkasi kwa kufuata alama. Kila alipokosea nilimwambia: umekwenda kulia, rudi kushoto, umezidisha, punguza. Ndani ya kipindi alikuwa anafanya vizuri. Kipindi kilichofuata alianza upya kabisa, kana kwamba hatujawahi kukutana. Pindo lilipinda pale pale lilipopinda juzi.

Binti yake aliniambia mama hafanyi mazoezi nyumbani. Mama alisema anafanya. Mimi niliandika kwenye faili: "Ushirikiano hafifu nyumbani." Maneno hayo matatu yalikaa humo kwa wiki tatu, na kila aliyefungua faili aliyasoma kabla ya kumtazama mgonjwa.

Wiki ya saba yalitokea mambo mawili. Kwanza, Nahodha, kwa kipindi chake kimoja cha wiki, alikuwa anaendelea. Mkono bado ulitetemeka, lakini ule mwelekeo wake wa kuvuka shabaha ulipungua wiki hadi wiki, na aliporudi baada ya siku saba ulikuwa umebaki pale alipouacha. Pili, Mshonaji alisema jambo nililoliandika pembeni bila kulielewa: "Mwanangu, mkono huu nikiuambia unasikia. Nikinyamaza unasahau."

Kipimo cha miwani

Mwenzangu mmoja aliyekuwa amesoma kuhusu majaribio ya prizimu, yaani kioo chenye umbo la kabari kinachopinda mwanga, alipendekeza tupime kitu tusichowahi kupima: je, mikono hii miwili inajirekebisha yenyewe?

Kipimo ni cha zamani. Hermann von Helmholtz alikieleza katika karne ya 19. Mtu akivaa prizimu, dunia yote inahamia upande mmoja. Akitupa kitu, anakosa. Baada ya kutupa mara kadhaa mkono unazoea na kurudi kwenye shabaha. Ukimvua miwani, anakosa tena, safari hii upande wa pili. Kosa hilo la mwisho, ambalo hapa nitaliita mabaki, ndilo lenye thamani. Mtu hawezi kulitengeneza kwa akili, maana anajua miwani imeshavuliwa. Linatokea kwa sababu ndani ya ubongo kitu kimebadilika kweli.

Kliniki ya macho ilituazima prizimu ya diopta 20, wanayotumia kupimia makengeza. Diopta moja husogeza taswira sentimita 1 kwa kila mita 1, kwa hiyo kwa umbali wa mita 2 shabaha ilisogea takriban sentimita 40. Tuliibandika kwenye fremu kuukuu mbele ya jicho la kulia, kitako chake, yaani upande mnene, kikiwa kushoto ili taswira ihamie kulia, na jicho la kushoto tukalifunika. Vifuko vya mchanga vilishonwa na Mshonaji mwenyewe kwa mkono. Ukutani tulichora mstari wa wima kwa chaki, na umbali wa kila kutua tuliupima kwa futi ya fundi. Utaratibu ulikuwa mitupo 15 bila miwani, 30 na miwani, 15 baada ya kuvua. Hatukueleza miwani inafanya nini.

Tulianza na wenzetu wazima, na hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Mlinzi wa zamu alikosa mara tatu, wa nne akapiga mstari; alipovua miwani, mabaki yake yalikuwa madogo. Mwanafunzi wa uuguzi alihitaji karibu mitupo ishirini kufika mstarini, akaona haya, akisema yeye ni mzito wa kujifunza. Alipovua miwani alikosa kwa upana kupita wote, tena kwa mitupo mingi. Mkono wake ulikuwa umejifunza zaidi kuliko wa mlinzi.

Nahodha alitupa ovyo, vifuko vikitua huku na huku, mtu akitazama anaona fujo tu. Lakini tulipochukua wastani wa kila mitupo mitano, fujo ile ilikuwa inasogea kurudi mstarini. Alipovua miwani, wastani ukahamia kushoto. Mabaki yalikuwepo, tena wazi.

Mshonaji alitupa kwa unadhifu. Mitupo tisa ya mwanzo na miwani ilitua karibu mahali pamoja, kulia mwa mstari, bila kusogea. Kabla ya wa kumi alishusha mkono, akasema, "Kumbe hii miwani inanidanganya. Basi nilenge kushoto." Akapiga mstari, na akaendelea kuupiga. Tukamvua miwani, nikamwambia atupe pale pale penye mstari, asilenge pembeni. Mtupo wa kwanza ulitua mstarini. Wa pili vile vile.

Nilikuwa tayari nimeandika "amezoea haraka" ndipo mwenzangu akanishika mkono. Hakuna mabaki, alisema. Hajazoea chochote. Amelenga tu.

Kinachoendelea ndani ya ubongo

Tunaposema mtu amezoea, tunachanganya kazi mbili zinazofanywa na sehemu tofauti za ubongo.

Ya kwanza ni kulenga kwa makusudi. Mtu anagundua kosa, anafikiri, anabadili shabaha. Hii ni haraka, na inategemea sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Anguera, Seidler na wenzao walionyesha mwaka 2010 kwamba watu wanaoweza kushika picha nyingi za mahali akilini kwa muda mfupi hurekebisha kasi zaidi katika hatua za mwanzo za zoezi kama hili, na kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wa kulia hufanya kazi katika mambo yote mawili. Ndiyo maana mlinzi alitangulia: alilenga. Tafiti kadhaa pia zimeona kwamba umri ukisonga, ulengaji huu ndio unaopungua zaidi, wakati marekebisho ya chinichini yanabaki.

Ya pili ni hayo marekebisho ya chinichini, ambayo mtu hayasikii yakitendeka. Mkono ukikosa, nyuzi za neva kutoka kiini kidogo cha shina la ubongo, kiitwacho zeituni ya chini kwa umbo lake, hupeleka ishara ya kosa kwenye seli kubwa za serebelamu ziitwazo seli za Purkinje. Nadharia iliyoanzishwa na David Marr mwaka 1969 na James Albus mwaka 1971, na kufanyiwa kazi kwa miaka mingi na Masao Ito, inasema ishara hiyo hubadili nguvu za viungio vya seli hizo, ili amri ya safari ijayo itoke tofauti kidogo.

Ishara za kosa zimesikika pia nje ya fuvu. Kwa wanaopimwa mawimbi ya ubongo wakati wa mazoezi ya aina hii, kosa kubwa huleta mwitikio mkubwa katikati ya kichwa kwa mbele, na mwitikio huo hupungua kadiri mtu anavyozoea. Mawimbi ya beta, aina mojawapo ya mawimbi hayo ya ubongo, ambayo hupanda kila mwendo unapokamilika, hupanda kidogo pale mwendo ulipokosea. Watu hutofautiana katika haya yote, na hutofautiana pia katika mgawanyo wa kazi kati ya kulenga na kuzoea. Wawili wanaweza kufika mstarini kwa wakati mmoja kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Utafiti unaotuhusu moja kwa moja ulitoka katika jarida la Brain mwaka 1996. T. A. Martin, W. T. Thach na wenzao waliwarushisha wagonjwa vidonge vya udongo wakiwa wamevaa prizimu. Walioumia katika eneo linalolishwa na mshipa wa chini-nyuma wa serebelamu, au katika zeituni na njia zake, mara nyingi walishindwa kuzoea. Walioumia katika eneo la mshipa wa juu, ingawa mara nyingi walitetemeka, kwa kawaida walizoea. Kutetemeka na kushindwa kuzoea, kwa hiyo, ni maradhi mawili. Niliposoma hayo nikiwa na mafaili mawili mezani, moja la juu na moja la chini, nilihisi uzito kifuani. Tulikuwa tumempokonya vipindi yule ambaye serebelamu yake bado ilikuwa inajifunza.

Mshonaji naye alikuwa amenieleza ugonjwa wake kwa sentensi mbili kabla ya kipimo chochote.

Uamuzi mpya

Nahodha alirudishiwa vipindi vitatu. Mazoezi yake hatukuyabadili, maana yalikuwa yanafaa: kukosea, kuona kosa, kurudia.

Kwa Mshonaji niliacha kabisa kusema "rudi kushoto." Tulichagua kujenga kazi yake juu ya njia mbili ambazo kiharusi hakikuzigusa.

Moja ni kulenga. Mwaka 2010 Taylor, Klemfuss na Ivry waliwapa wagonjwa wa serebelamu mbinu ya kulenga pembeni ya shabaha ili kufidia picha ya mwendo wa mkono iliyozungushwa kwenye skrini. Waliitumia vizuri. Watu wasio na ugonjwa wanaopewa mbinu hiyo hufika shabahani mara moja kisha polepole huanza kukengeuka, kwa kuwa mazoea ya chinichini yanazidi kuongezeka juu ya mbinu, jambo ambalo Mazzoni na Krakauer walilionyesha mwaka 2006. Wagonjwa wa serebelamu hawakukengeuka hivyo. Mshonaji vilevile alipiga mstari mitupo ishirini na mmoja mfululizo bila kuhama. Basi tulimpa vitu vya kulengea. Tulibandika ukanda wa karatasi ngumu juu ya bamba la chuma chini ya sindano, kwa upana wa pindo la sketi, ukingo wa kitambaa ufuate humo. Alama za chaki ziliwekwa kila baada ya vidole vinne. Alijifunza kuhesabu kwa sauti ya chini kwa kila kanyago la pedali.

Nyingine ni kujifunza kwa kupongezwa. Njia hii hutegemea zaidi viini vya ndani vya ubongo na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na pongezi, kuliko serebelamu. Therrien, Wolpert na Bastian walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wenye serebelamu iliyochakaa walihifadhi walichojifunza vizuri zaidi walipoambiwa tu umepata au umekosa, badala ya kuonyeshwa ukubwa wa kosa. Shabaha yao ilikazwa hatua kwa hatua kwa kulinganisha na mienendo yao wenyewe ya karibuni. Sisi tulitumia kijiko na glasi. Mshono ukiwa bora kuliko wastani wa mishono kumi iliyotangulia, nagonga glasi. La sivyo, kimya.

Utafiti huo huo ulionya kwamba mkono wenye mtetemo mwingi hunufaika kidogo, kwa sababu ubongo haujui ni mwendo upi hasa uliopongezwa. Ndiyo maana hatukumgongea Nahodha glasi. Kwake ingekuwa kelele tu.

Matokeo

Katika wiki nane zilizofuata pindo za Mshonaji zilinyooka, na kwa mara ya kwanza zilibaki zimenyooka kutoka kipindi hadi kipindi. Alirudi kushona sketi za sare, kwa mwendo wa taratibu kuliko zamani. Mwezi wa nne tulirudia kipimo cha miwani, na bado hakukuwa na mabaki. Alichopata ni njia ya kuzunguka pengo. Pengo lenyewe halikuzibika.

Hilo lilionekana waziwazi binti yake alipomletea cherehani ya umeme ili asichoke miguu. Kasi yake, uzito wake, jinsi inavyovuta kitambaa, vyote vilikuwa vigeni, na mikono mingine ingezoea kwa siku mbili tatu bila mwenyewe kujua. Yeye alirudi kwenye pindo zilizopinda, akalia. Alirudi kwenye ya kukanyaga.

Nahodha bado anatetemeka, lakini anakunywa chai mwenyewe kwa kikombe chenye mfuniko na anafunga fundo la kamba. Wiki zile alizopunguziwa hazirudishiki, na mkewe nilimweleza hivyo uso kwa uso.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kipimo kilifaa kwa sababu kilikuwa na hatua ya tatu. Tungeishia pale alipopiga mstari, tungemwandika Mshonaji kuwa mwanafunzi bora wa siku ile. Katika kazi zetu za kila siku hatua hiyo haipo: tunapima mgonjwa anavyofanya mbele yetu, akiwa makini, tukimhimiza, yaani hali ile ile ambamo kulenga kunaficha kutozoea. Siku hizi naangalia mtupo wa kwanza wa kipindi kipya kabla sijasema neno. Hauhitaji prizimu.

Kubadili maelekezo kulifaa pia, ingawa hapa nina tahadhari. Tulianzisha ukanda wa karatasi na glasi katika wiki moja, kwa hiyo siwezi kutenganisha kazi ya kimoja na kingine. Nadhani ukanda ulifanya kazi kubwa zaidi. Isitoshe, kiharusi hupona kwa sehemu chenyewe katika miezi hiyo hiyo. Waliojaribu miwani kabla ya wagonjwa walikuwa vijana, wala si wa rika lao, na mimi niliyepima vifuko nilijua nani ametupa. Picha ya MRI ingetuambia kama zeituni na njia zake zimeguswa, nasi hatukuwa nayo.

Mtu aliniuliza mbona hatukufikiria kuchochea serebelamu kwa umeme hafifu kupitia ngozi. Galea na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba huharakisha kuzoea kwa watu wazima kiafya. Majaribio ya baadaye hayakupata matokeo hayo kwa uthabiti, na kuchochea tishu iliyokufa ni jambo jingine kabisa. Sikuona sababu ya kuwapa familia tumaini hilo.

Kosa kubwa lilikuwa la yale maneno matatu. Familia iligawanyika kwa sababu yake. Binti alimsema mama yake mbele za watu kwamba ni mvivu, akitegemea neno la hospitali. Nilipowaita wote wawili na kueleza, nilichukua kifuko na miwani, nikamvalisha binti, nikamwacha atupe mpaka azoee, kisha nikamvua. Alikosa kushoto, akastaajabu. Nikamwambia, huo mshangao wako mama hana. Mkono wako umejifunza ukiwa hujui. Wa kwake lazima uambiwe kila mara, na kuambia kila mara kunachosha. Alikaa kimya kitambo, kisha akamuuliza mama yake kama ndiyo sababu anahesabu anapokanyaga.

Katika faili nilikata mstari juu ya maneno yale bila kuyafuta, nikaweka tarehe na sahihi, na kuandika chini yake: "Mgonjwa anafanya mazoezi. Hana mabaki kwa kipimo cha prizimu. Maelekezo ya kosa hayamfai. Tumia alama za kulengea na pongezi."

Cherehani ya umeme hatujaiacha. Tumeanza nayo ikiwa imezimwa, akizungusha gurudumu kwa mkono, ukanda wa karatasi ukiwa umebandikwa mahali pake. Wiki iliyopita alishona sketi nzima hivyo, kwa saa mbili, na mshono wa mwisho nikamgongea glasi.